Tuwafundishe Watoto Kuigiza Watu, Si Vinyago

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa Kaunti ya Kilifi mbele ya walimu walezi wa vilabu vya drama katika shule za msingi, pamoja na wazazi. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Najua kuna anayejiuliza, afisa wa habari wa kaunti ana lipi la kusema kuhusu drama ya watoto? Katiba yetu, kwenye Jedwali la Nne, imegawa kazi. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Sisi wa kaunti tumekabidhiwa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na shughuli za utamaduni, na mchezo wa kuigiza ni sehemu ya utamaduni. Kwa hivyo sikuja kumfundisha mwalimu kazi yake. Nimekuja kama mtu anayeandika habari za watu wa Kilifi kila siku, na anayejua kwamba namna tunavyomwonyesha mtu mbele ya umma inaweza kumjenga au kumwangamiza.

Muhula wa kwanza ndio muhula wa drama. Watoto wataanzia kwenye zoni, waende kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha ukanda wa Pwani, na watakaobahatika wafike fainali za kitaifa mwezi wa Aprili. Katika pilikapilika hizo tunahangaikia mengi: nauli, maleba, ngoma, chakula cha mchana. Leo naomba tuzungumzie jambo moja tu ambalo halihitaji pesa. Nalo ni mhusika. Mtoto wa Gredi ya 4, ya 5 au ya 6 anamjengaje mtu jukwaani, hata sisi tulioketi tukaamini kwamba yule ni mtu?

Tusemezane ukweli. Ukihudhuria michezo ya watoto kwa miaka miwili mitatu, utaanza kuwatambua wahusika kabla hawajafungua mdomo. Kuna baba mlevi, anayepepesuka na chupa mkononi. Kuna mlinzi wa lango, ambaye kazi yake yote ni kuongea kwa lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke. Kuna mama wa kambo, ambaye ni mkali tangu anapoingia hadi anapotoka. Na kuna mzee mchawi. Huyu amepakwa unga kichwani awe na mvi, amejikunja mgongo, ana fimbo, ana macho ya kutisha, na akitokea tu watoto wanapiga mayowe.

Hao wanne si wahusika. Ni vinyago. Mtoto amevikwa kinyago akaambiwa atembee nacho. Hajui yule mlevi alianza lini kunywa, wala yule mlinzi ana watoto wangapi. Amefundishwa mwendo, amefundishwa sauti, amekariri maneno, na mwalimu amemwonyesha mpaka mahali pa kuinua mkono. Ndiyo maana unaona watoto 12 jukwaani na wote wanainua mkono uleule kwa namna ileile.

Kinyago cha mlinzi kinamfunza mtoto kwamba jirani wa kabila lingine ni kichekesho. Nchi hii inakumbuka vizuri kilichotupata 2007 na 2008, na hatuna haja ya kuanza kupanda mbegu hiyo kwa watoto wa miaka kumi.

Lakini kinyago kinachonikosesha usingizi ni cha mzee mchawi. Nyote mnajua ninachozungumzia. Katika kaunti yetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine wamekimbia boma walilojenga kwa mikono yao wakatafuta hifadhi, kama kule Kaya Godoma, Ganze. Mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta shamba. Mzee ana hati, au ndiye anayejua mipaka, na kuna anayeona mzee huyo anachelewa kufa. Neno "mchawi" linarahisisha kazi. Na linarahisisha kwa sababu kijiji kizima tayari kina picha kichwani: mvi, macho mekundu, mgongo uliopinda, kutembea usiku. Sasa nawauliza, picha hiyo mtoto ameipata wapi? Mahali pengi. Nisingependa jukwaa la shule liwe mojawapo.

Basi tufanyeje? Nitawaeleza njia ambazo walimu wa drama katika nchi nyingi wamezitumia, na ambazo zinawezekana chini ya mwembe bila hata chaki.

Ya kwanza ni maswali. Sisi waandishi wa habari tukiingia darasani siku ya kwanza tunafundishwa maswali sita: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Kwa mhusika, mimi ningempa mtoto maswali manne tu. Mtu huyu anataka nini? Ni nani au nini kinamzuia? Anaogopa nini? Anampenda nani? Mtoto asiruhusiwe kukariri hata mstari mmoja kabla hajayajibu kwa maneno yake mwenyewe. Akijibu "anataka kuwa mbaya", mrudishe akafikirie tena. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akitaka kuwa mbaya. Mama wa kambo huenda anataka chakula kilichopo kiwatoshe watoto watano. Mlevi huenda anataka kusahau kwamba alifutwa kazi. Tukishajua haja yake, ukali wake na ulevi wake unakuwa na mzizi, na mtoto anajua aanzie wapi.

Kwa watoto wadogo wa Gredi ya 1 hadi ya 3, maswali manne ni mengi. Wape moja tu: anataka nini? Watoto hawa wanazijua hadithi za sungura na fisi tangu wakiwa mgongoni mwa mama. Mwambie mmoja awe fisi mwenye njaa ambaye hataki mtu ajue kwamba ana njaa. Utashangaa jinsi mtoto wa miaka saba anavyoweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja, njaa na aibu. Huo ndio mwanzo wa uigizaji.

Ya pili ni macho. Mpe mtoto kazi ya nyumbani ya kumtazama mtu kwa heshima, kisha aje atueleze alichokiona kabla ya kutuonyesha. Mtazame mgema. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, nyayo zake zimezoea vidato vilivyokatwa kwenye shina. Je, mtu kama huyo akitembea chini, kwenye barabara tambarare, miguu yake inakanyaga vipi? Mtazame mama karanga anapongojea ngalawa zirudi. Macho yake yako wapi, kwa wenzake anaopiga nao soga au baharini? Anapopigania bei, mkono wake uko kwenye ndoo au kwenye leso alikofungia pesa? Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kuambiwa ainue mkono wapi. Mkono utajua wenyewe.

Na kama mhusika ana kazi au maisha ambayo mtoto hayajui, akamuulize mwenyewe. Mwaka 1977 kule Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walioigiza tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii hawakupokea maneno yaliyoandikwa na kunyamaza. Waliwasahihisha waandishi pale walipoona mtu wa umri fulani au kazi fulani hawezi kusema hivyo. Kama wasomi wale walikubali kusahihishwa na wanakijiji, mwalimu wa Gredi ya 5 hatapungukiwa na kitu akimwalika bibi wa jirani aje asikilize mazoezi na aseme, "Hapana mwanangu, sisi hatuongei hivyo."

Ya tatu ni kiti cha maswali. Mtoto anakaa kwenye kiti mbele ya wenzake akiwa tayari ni mhusika. Wenzake wanamuuliza chochote, naye anajibu kama mhusika, si kama yeye. Tuseme kikundi kinaandaa mchezo kuhusu yule mzee niliyemtaja. Mtoto ameketi kitini. Wenzake wanaanza:

"Mzee, kwa nini unatembea usiku?"

"Silali. Goti linaniuma, nikitembeatembea linatulia."

"Mbona macho yako ni mekundu?"

"Napika kwa kuni, na nyumba yangu haina dirisha. Njoo ukae jikoni kwangu saa moja uone yako yatakuwaje."

"Mbona huongei na watu?"

"Watu gani? Wenzangu niliokuwa nikicheza nao bao wamekufa wote."

Hapo hakuna aliyehubiri. Hakuna mwalimu aliyesema "watoto, waheshimuni wazee". Lakini wale 30 waliouliza maswali wameondoka na jambo ambalo hawatalisahau kirahisi: kila alama waliyoambiwa ni ya uchawi ina sababu ya kawaida kabisa, ya goti, ya moshi, ya upweke. Na mchezo wenyewe sasa umepata uhai. Mbele yetu kuna mtu mpweke anayetaka kuzungumza, na kijiji kinachomkwepa. Hiyo ni drama, na haikuhitaji unga wa kichwani.

Ya nne ni mchoro. Chora umbo la mtu, kwenye karatasi kubwa au hata kwenye mchanga kwa kijiti. Nje ya umbo, watoto wataje mambo ambayo wanakijiji wanasema kumhusu. Ndani ya umbo, wataje anayoyajua yeye mwenyewe moyoni. Mara nyingi ya nje na ya ndani hayapatani, na pale yasipopatana ndipo mchezo unapoanzia. Kila mazoezi yakiendelea, ongezeni jambo ndani.

Ya tano ni kuchelewesha maandishi. Waacheni watoto wajaribu onyesho kwa maneno yao kwanza, mara mbili au tatu, kabla ya kuwapa karatasi. Mtoto anayeanza na karatasi hushika maneno akamwacha mtu. Anayeanza na mtu, maneno yatamfuata. Na msiogope kimya. Baba anayesoma barua ya kufutwa kazi, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akawauliza watoto kama wamekula, hahitaji kulia kwa sauti. Mtoto akikaa kimya kwa sekunde tano na sisi tukajua anachofikiria, huyo amefaulu.

Sasa nitoe mfano kutoka nyumbani, ili msiseme haya ni mambo ya vitabuni. Shule zetu nyingi hupenda kuigiza Mekatilili wa Menza, na ni haki yetu. Sanamu yake iko Malindi, katika bustani iliyopewa jina lake. Lakini mara nyingi Mekatilili wa jukwaani ni msichana aliyevaa hando, anayepaza sauti mwanzo hadi mwisho. Ujasiri umekuwa kelele. Hebu tumpitishe kwenye maswali yetu manne.

Anampenda nani? Jibu liko ndani ya jina lake. Alizaliwa akiitwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama yake Katilili. Msichana anayemwigiza akilijua hilo, tayari haigizi sanamu, anamwigiza mama wa mtu.

Anaogopa nini? Simulizi za wazee wetu zinasema kwamba akiwa bado mdogo aliona ndugu yake akichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa. Sasa fikirieni mwaka 1913. Afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, anazunguka Ugiriama akidai kodi na kutaka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Wengine wanasikia habari ya kazi. Mama huyu anasikia kitu kingine: anasikia wakija kuchukua mtoto tena. Hapo msichana wa Gredi ya 6 ana kitu cha kushika. Hasira ya Mekatilili imetoka kwenye hofu ya zamani.

Anataka nini? Vijana wabaki nyumbani. Nani anamzuia? Serikali ya kikoloni, ndiyo, lakini pia watu wake mwenyewe waliokuwa wakiogopa au waliokuwa wakishirikiana na wakoloni. Alikuwa mjane, na ilimbidi awashawishi wanaume na wanawake, kijiji baada ya kijiji, wakusanyike na kula viapo vya kutotii. Kumbe basi kuna maonyesho ambapo Mekatilili hapigi kelele hata kidogo. Anabembeleza. Anasubiri. Anacheza ngoma ili watu waje wamsikilize.

Mnakijua kisa cha kuku. Simulizi husema alimletea Champion kuku mwenye vifaranga akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Champion alipoingiza mkono, kuku akamdonoa. Naye akamwambia, hivyo ndivyo itakavyokuwa mkijaribu kuwachukua watoto wetu. Katika onyesho hilo wape watoto kazi wote watatu. Mekatilili ajue anachokitaka. Kuku, ambaye mtoto wa Gredi ya 2 anaweza kumwigiza vizuri kuliko sisi sote, naye ana haja yake. Na Champion pia asiwe kinyago cha mzungu anayeongea puani. Mwekeni kwenye kiti cha maswali. Anaripoti kwa nani? Usiku huu ataketi aandike nini kwa mkubwa wake kuhusu kile kuku? Mtoto akijibu maswali hayo hatampenda Champion zaidi, wala hatakiwi kumpenda. Atamwelewa, na adui anayeeleweka anamfanya shujaa wetu aonekane shujaa zaidi.

Baadaye Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa mbali, Kisii. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi Pwani kwa miguu. Mwambie mtoto atembee safari ile kwa hatua kumi tu jukwaani, bila neno. Hatua ya kwanza na hatua ya kumi zisifanane. Akiweza hilo, mwalimu, umemfundisha.

Wazazi, nanyi mna kazi. Mtoto akirudi na kuuliza, "Babu, ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unaogopa nini?" msimwambie aende akasome. Hiyo ndiyo kusoma. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa shuleni mwaka 2019 unataja mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, fikra tunduizi, uraia na kujiamini miongoni mwa mambo ambayo mtoto anapaswa kuondoka nayo. Mtoto anayemjenga mhusika anayafanya yote hayo kwa pamoja. Na msisitize kwamba binti yenu lazima awe malkia ndiyo mkubali aigize. Aliyepewa nafasi ya mpita njia, akiijua haja ya mpita njia huyo, anaweza kubeba onyesho zima.

Walimu, najua mna hofu moja. Mtaniambia, "Bwana, waamuzi wanataka watu wacheke." Watu watacheka. Mzee anayemwambia mtoto aje akae jikoni aone moshi anachekesha. Mama karanga anayejifanya haoni ngalawa ili bei ishuke anachekesha. Kicheko hicho ni cha kumtambua mtu. Kile kingine ni cha kumdhalilisha, na watoto wanaijua tofauti mapema kuliko tunavyodhani, hasa wale ambao mzazi wao ndiye mlinzi, au ambao babu yao ndiye mwenye macho mekundu. Wao pia wako kwenye ukumbi. Kumbukeni kwamba huenda mtoto mmoja kati ya watazamaji amehamishwa kwao usiku kwa sababu ya neno lile tunalolichekea.

Ombi langu ni dogo. Mazoezi yakianza, chukueni kila mhusika katika mchezo wenu na mmpitishe kwenye maswali manne. Mkikuta mmoja ambaye hana analolitaka, hana anayempenda, yupo tu ili achekwe au aogopwe, mwandikeni upya au mwondoeni. Kama mchezo una mzee, mwalikeni mzee wa mtaa aje kwenye mazoezi, aketi kiti cha mbele, apewe chai, na watoto wamuulize maswali. Huenda ikawa ni mara yake ya kwanza kwa muda mrefu kuulizwa jambo na watoto wa kijiji chake.

Nawatakia watoto wetu mafanikio katika tamasha. Tutakuja kuwatazama, na tutawapigia makofi.